Klasta ya Linux kwa fedha kidogo: kompyuta za mtumba, Raspberry Pi au seva moja?

Mvua_za_Vuli: Wakuu, habari za kazi. Natafiti mvua za pwani kwa WRF, programu ya kutabiri hali ya hewa, na laptopu yangu ya kore 4 (viini vya prosesa) inakesha usiku kucha kwa utabiri wa siku mbili tu. Nimepata njia tatu: kompyuta 8 za mezani za mtumba zenye i5-6500, Raspberry Pi 4 kumi na mbili (vile vikompyuta vya bodi moja), au seva moja ya mtumba yenye prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4. Fedha inatosha njia moja. Mngechukua ipi?

FundiKebo: Za mezani, mkuu. Ndivyo Beowulf, klasta (mashine zilizounganishwa zifanye kazi moja) ya kompyuta za kawaida, ilivyoanza: mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha mashine 16 za prosesa ya 486 pale NASA Goddard, kwa Ethernet (mtandao wa kebo) ya kawaida. Weka Debian, NFS ya kugawana faili, Open MPI ya kuzifanya kore za mashine zote zishirikiane kazi moja, na Slurm ya kupanga foleni. Unapata kore 32, na ikifa moja unabaki na saba.

BintiHesabu: Kaka Fundi, nodi (mashine moja ya klasta) ikizima katikati ya kazi ya MPI, kazi nzima inaanguka. Kwa umeme wetu huu, hilo litatokea. Mvua, hakikisha WRF inaandika faili za kuanzia upya kila baada ya saa kadhaa za utabiri, uchague njia yoyote ile.

Lakini tatizo kubwa ni mazungumzo. WRF hukata ramani vipande, na kila kipande humpa jirani thamani za mpakani kwa kila hatua ya muda. Kwenye Ethernet ya gigabiti ujumbe mdogo huchukua makumi ya maikrosekunde. Ndani ya seva unapita kwenye RAM, haugusi kebo. Kore 28 za seva, zilizo pamoja, nazipenda kuliko 32 zilizotawanyika. Na umeme: prosesa 8 za 65 W ni 520 W, mbili za 120 W ni 240 W.

FundiKebo: Umeme nakubali, dada. Ila WRF ina njaa ya kasi ya RAM pia. Kila i5 ina chaneli 2 (njia za data kati ya prosesa na RAM), jumla 16. Seva ina 8.

BintiHesabu: Kweli kabisa. Ndiyo maana seva hiyo ijazwe vijiti 8 vya RAM, kimoja kila chaneli. Wauzaji wengi huweka viwili, na hapo kore nyingi zitakaa zikisubiri.

Mwl_Pi: Nafundishia MPI kwa Pi 4 nne, na wanafunzi wanaelewa haraka sana wakiishika nodi mkononi. Kwa WRF hapana. RAM haiongezeki, na kadi za microSD huchoka kwa kuandikwa mfululizo.

Mvua_za_Vuli: Asanteni sana. Mwenye seva kasema ina vijiti vinne. Kesho naenda kukagua, na nitamwomba aniwashie nijaribu kwa kore 7, 14 na 28, nione kama kasi inapanda, kabla sijatoa hata senti.