Sulisuli wa Watamu: niende lini?

Mvuvi wa Jinja: Ndugu zangu, nimezoea kuvua mputa (sangara) hapa ziwani, akiwa chini ya sentimita 50 namrudisha majini. Sasa nataka bahari. Sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu kama mkuki, hupatikana Watamu, pwani ya Kenya, miezi gani? Na nikimwachia, naripoti kwa nani?

Jibu 1: Kaskazi ikivuma, Novemba hadi Machi. Juni usijisumbue, kusi huchafua bahari.

Jibu 2: African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia sulisuli na jamaa zake, wako hapohapo Watamu. Samaki huchomekwa kitambulisho chenye namba, kisha kadi hujazwa: aina, tarehe, mahali, uzito wa kukadiria. Akinaswa tena kwingine, safari yake inajulikana. Uzito tu ndugu yangu usiutie chumvi, wavuvi tunajuana!

Mvuvi wa Jinja: Haya, Januari basi. Mke wangu anauliza kitoweo kiko wapi.