Berlin kwa miguu, siku moja tu

Mtembezi_Tanga: Jamani, nakwenda Berlin kikazi, Jumapili niko huru. Nataka kutembea kwa miguu. Nianzie wapi?

Mmwera_Ughaibuni: Karibu sana, ndugu yangu. Toka kituo kikuu cha treni, fuata barabara ya Invalidenstrasse mpaka Museum für Naturkunde, yaani makumbusho ya viumbe na maumbile. Humo amesimama dinosaria wetu wa Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi. Mimi kwetu ni Lindi. Kila nikimtazama roho inauma, na bado najivunia wazee wale waliochimba. Usimpite haraka. Kisha shuka kusini hadi Lango la Brandenburg, uingie Wilhelmstrasse. Namba 92 kuna bango la Mkutano wa Berlin wa 1884–85, ulioweka kanuni za kuigawana Afrika. Jengo la mkutano lenyewe halipo tena. Bango lisome lote.

Bint_Pwani: Kuba la Bunge nalo liko njiani, kuingia ni bure, ila jiandikishe mapema mtandaoni. Na Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua maji Jumamosi.

Mtembezi_Tanga: Ahsanteni. Hilo bango sikulijua kabisa, nitaanza nalo.