Usiku silali, nawaza ya nyumbani tu

Kutoka: Binti wa Tanga, Stockholm

Assalaam alaykum, habari zenu nyote. Shikamooni wakubwa.

Naomba ushauri. Tangu saa zirudishwe nyuma mwezi wa Oktoba, nikitoka kazini giza limeshaingia. Sasa Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Usiku nasikiliza taarabu za zamani mpaka saa nane, naiwaza nyumba ya bibi, tumekaa barazani, mbuzi ya nazi inakwaruza, redio inasoma salamu. Juzi nimefungua mfuko wa kanga alionifungia mama, bado una harufu ya udi. Nilikaa sakafuni na koti langu mwilini, kiatu kimoja nimevua, kingine sijavua. Wahenga walisema ya kale hayanuki. Kwangu yananukia, na ndiyo shida.

Je, huu ni ugonjwa? Mkataba wangu wa kazi unaisha Machi. Niuache nirudi?

---

Kutoka: Mzee wa Basel

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu.

Swali lako limewahi kuulizwa katika mji huu huu ninaoishi. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu hapa Basel kuhusu watu waliodhoofika kwa kuwa mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akapata nostalgia. Kisa chake kimoja ni cha kijana wa Bern aliyekuja kusoma hapa, akaugua mpaka watu wakamkatia tamaa. Walipoamua kumrudisha kwao, alianza kupata nafuu kwenye maandalizi ya safari, na kabla hajafika Bern alikuwa mzima. Bern na hapa, leo ni kama saa moja kwa treni. Kwa hiyo usidhani ni wewe tu kwa sababu umevuka bahari.

Siku hizi haihesabiwi tena kuwa ugonjwa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wamegundua kwamba upweke huweza kuiamsha hamu hii, na mtu akishakumbuka hujiona karibu na watu wake tena. Soma ulichoandika: bibi, mama, baraza. Hukutaja kitu kisicho na mtu.

Mimi nilikuwa kijana Dar mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni hakuna, tulifua kwa majani ya mpapai, povu lake la kijani na harufu yake mbichi. Leo tukikutana wa rika langu tunaisimulia foleni ile kwa furaha, mpaka watoto wetu wanashangaa. Njaa hatujaisahau. Ila tunakumbuka nani alikuwa mbele yako na nani alikushikia nafasi, na tulikuwa na miaka ishirini. Mambo ya umri kati ya miaka 10 na 30 hivi ndiyo hung'ang'ania kichwani kuliko mengine.

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja mtaani kwetu. Nyumba zilikuwepo, wenzangu wote wamehama. Nilisimama pale jua likiniwakia, na hamu ikabaki vilevile.

Kwa hiyo, mwanangu, usiamue habari ya mkataba mwezi huu. Amua Februari mwanga ukirudi. Taarabu sikiliza, lakini usisikilize peke yako. Na kama usingizi na hamu ya chakula vimepotea zaidi ya wiki mbili, nenda kwa daktari. Giza la huko lenyewe huangusha watu, na lina matibabu.

---

Kutoka: Mama wa Hamburg

Naunga mkono. Dada, mimi nilimtumia bibi yangu ujumbe wa sauti kila Ijumaa, nikimuuliza jambo moja tu la zamani. Sasa hayupo, ila sauti yake ninayo.

---

Kutoka: Binti wa Tanga, Stockholm

Shikamoo baba, nimekuelewa. Ahsante dada.

Nimempigia mama. Kumbe udi ule aliufukiza usiku wa kuamkia safari yangu, hakulala. Sikujua. Tumeongea mpaka vocha yake ikaisha.

Jumamosi napika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mlioko Stockholm karibuni kuanzia saa tisa. Nazi nimepata nzima, mbuzi sina. Mwenye nayo aje nayo.