Naivasha mara ya kwanza na mama mzee na watoto, tulale wapi na tuanzie wapi?

binti_wa_Malava
Wadau hamjambo. Niko Kakamega na shule zikifunga Agosti nataka nipeleke mamangu na watoto wangu wawili Naivasha. Sote ni mara ya kwanza, tumezoea tu kupita na basi tukienda Nairobi, linasimama Delamere watu wanashuka choo wananunua yogati alafu safari inaendelea. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, kijana mkubwa ako gredi 6 na mdogo gredi 1. Gari hatuna. Nimeangalia hoteli kwa simu mpaka nimechanganyikiwa, moja inasema iko Naivasha kumbe ni mbali na tauni, yaani mjini, ingine picha ni safi lakini bei ya wikendi inaruka. Naomba mnisaidie, tulale tauni ama kando ya ziwa? Boti ni salama kwa mtoto mdogo? Na mbuga ya Hell's Gate mtu wa magoti anaweza ingia? Sitaki mamangu atoke mbali hivo alafu akae kwa kiti akitungoja. Asanteni.

mkaazi_Karagita
Dada karibu sana. Kwanza elewa vile Naivasha imekaa. Tauni iko karibu na barabara kuu, lakini ziwa lenyewe unalifuata na Moi South Lake Road, matatu za Kongoni ndio zinapita huko, utasikia makanga wakiita Karagita, DCK, Kamere, Kongoni. Mahoteli mengi, kambi za mahema, boti, njia ya kwenda geti ya Hell's Gate, vyote viko hiyo laini. Kwa hivyo ukilala tauni utaokoa pesa ya rumu lakini kila asubuhi unampandisha mama matatu na jioni unamshusha, na kwa mtu wa magoti hiyo panda shuka ndio inamchosha kuliko kutembea kwenyewe. Mimi ningelala South Lake ata kama ni rumu ya kawaida tu. Bei ya wikendi na ya katikati ya wiki hazifanani kabisa, ukiweza ingia Jumapili mchana wenye wikendi wakitoka. Wiki ya kuogopa ni ile ya Safari Rally, yale mashindano ya magari, tangu irudi kwa mashindano ya dunia mwaka 2021 vyumba vinaisha mapema na bei zinapanda, lakini Agosti uko sawa.

Alafu kabla hujatuma deposit waambie wakutumie video ya leo ya upande wa ziwa, sio picha za mtandaoni. Hili ziwa limepanda sana. Mwaka 2020 na tena 2025 maji yaliingia mtaa wa Kihoto watu wakahama nyumba zao, na huku kwa mahoteli kuna mahali picha inakuonyesha uwanja wa nyasi na sa hii ni maji na miti iliyokauka imesimama ndani. Uliza pia kama kuna ua wa umeme kati ya vyumba na ziwa, wakianza kuzungukazunguka tafuta kwingine.

Hiyo ya ua ni kwa sababu ya viboko na hapa nakuomba unisikize vizuri maana uko na watoto. Mchana wako majini, jua likizama wanatoka kula nyasi, na ile nyasi fupi laini ya hoteli wanaipenda sana. Akiwa anakula anaonekana mpole kama ng'ombe wa nyumbani, mtoto anataka kusonga apige picha, na kiboko akiona uko kati yake na maji hakupi nafasi ya pili. Kwa hivyo giza likianza kuingia watoto wawe ndani ya ua, na mkitoka kula usiku ita askari mwenye tochi awasindikize mpaka mlangoni, ndio kazi yake, usione haya kumsumbua. Kuogelea ziwani hakuna, ata mahali maji yametulia na unaona wavuvi wamesimama ndani mpaka kiunoni. Watoto waogelee kwa bwawa la hoteli.

Maji ya kunywa nunua ya chupa, visima vingi vya huku Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ndio maana utaona watu waliokulia huku meno yamekuwa ya kahawia. Na mbebe masweta mazito, tuko zaidi ya mita 1,880 juu ya bahari na asubuhi za Agosti ni baridi kweli kweli.

nahodha_Kamere
Msalimie mama sana. Ya boti nijibu mimi kwa sababu ndio kazi yangu.

Ingieni majini asubuhi, saa moja mpaka saa nne hivi ziwa limelala. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanarusha maji ndani ya boti, nyinyi mtarudi mmelowa na mtoto ameogopa na hatataka tena. Bei ni ya boti nzima kwa saa, sio ya kichwa, kubalianeni mkiwa bado nchi kavu na muulize kama hiyo saa inahesabu na kungojwa mkishuka mahali. Mkienda Crescent Island, kile kisiwa cha wanyama, mjue kule kuna kiingilio chake kando na pesa ya boti, watu wengi wanagundua wakiwa wamefika.

Laifjaketi usikubali ile kubwa mtoto anavalishwa tu juu juu. Mfunge kamba zote, alafu shika jaketi hapo mabegani uinue. Ikipanda ikafika masikio hiyo haimfai, akianguka majini itatoka kichwani aende peke yake. Sema upewe ya mtoto, na kama hawana ya mtoto msipande hiyo boti, mwende na mwingine. Kwa upande wa mama, tafuteni mahali pa gati ya mbao ya kupandia, kuna sehemu abiria wanapandia kwa matope wakiruka ukingo wa boti na goti halitaki hiyo. Akae katikati, mtu amshike mkono kwanza mguu mmoja uwe umetulia ndio alete mwingine.

Crescent Island nadhani ndio itamfurahisha mama kuliko yote. Unatembea kwa mguu katikati ya twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, na hakuna simba. Sehemu kubwa ni tambarare, akichoka anakaa chini ya mgunga na bado wanyama wanapita mbele yake, hapo hatakuwa anangoja mtu. Njiani nahodha atawaonyesha furukombe, anapiga mluzi anarusha samaki na ndege anashuka kutoka juu ya mti anamnyakua majini pap, kameraa iwe tayari kabla ya mluzi. Na kama siku hiyo magugumaji yamesukumwa na upepo na nahodha anasema tugeuze, geuzeni, yakifunga njia boti inaweza kwama huko masaa.

jakisumo
Mimi naongeza ya samaki tu. Dadangu ukifika Kamere pale kwa wavuvi uliza kwanza huyu ni tilapia ama ni karpi. Sisi watu wa Victoria tumezoea ngege, yaani tilapia, mfupa mkubwa katikati unatoa unaendelea, sasa karpi ana miiba midogo imetawanyika kila mahali kwa nyama na mtoto wa gredi 1 si wa kupewa huyo. Chagua samaki akiwa mbichi, fungua shavu uone kama ndani ni nyekundu, akishakaangwa huwezi jua kitu. Na uitishe mapema kabla njaa iume.

binti_wa_Malava
Aki mbarikiwe, hii ya laifjaketi na ya miiba singewahi fikiria. Sasa Hell's Gate jameni? Kijana mkubwa anaota baiskeli.

mwalimu_Lanet
Nimepeleka wanafunzi Hell's Gate mara nyingi kwa hivyo nakuambia vile mimi hupanga. Mkubwa aendeshe baiskeli na mtu mzima, hii ni mojawapo ya mbuga chache Kenya unaruhusiwa baiskeli na kutembea katikati ya wanyama. Zinakodishwa kule geti ya Elsa, ajaribu breki zote mbili kabla hamjalipa na kiti kishushwe miguu ifike chini. Wewe, mama na mdogo mkodishe teksi ya nusu siku kutoka barabarani. Fischer's Tower, ule mwamba mrefu, iko karibu tu na geti, pimbi wanazunguka hapo chini kwa mawe, mdogo atakaa hapo asitake kuondoka. Chakula kiwe ndani ya gari, nyani wa pale wanajua zipu ya begi.

Korongo la Ol Njorowa mama aliache. Ni kushuka kwa mawe yanayoteleza ukishika kuta, na kwa maoni yangu ata mdogo asiingie. Mkubwa akienda awe na mwongozaji wa pale, na mtazame mawingu, sio tu juu yenu bali pia upande wa milimani. Mvua inaweza nyesha mbali nyinyi mko kwa jua na maji yakaja kwa nguvu kwenye korongo, mwaka 2012 na tena 2019 watu walikufa hapo hivyo. Mwongozaji akisema leo hapana ni hapana.

Kiingilio cha mbuga kinalipwa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, hawachukui pesa mkononi, kwa hivyo fungua akaunti ukiwa nyumbani uko na bando na ubebe kitambulisho ndio ulipe bei ya raia.

mkaazi_Karagita
Mwalimu nakubali ya korongo, lakini mama asikose Olkaria, ile spa ya maji moto ya mvuke wa ardhini iko hapo hapo ndani ya mbuga. Magoti yatapata raha. Inalipwa kando na mbuga. Aulize daktari wake kama ana presha kabla aingie, na asikae ndani sana.

binti_wa_Malava
Ana presha kidogo, nitauliza kliniki. Na kurudi Kakamega tunapanda wapi?

mwalimu_Lanet
Usisimame kwa barabara kuu na watoto mkingoja gari za kutoka Nairobi, nyingi zinapita zimejaa. Ingieni stage ya Naivasha tauni mchukue matatu ya Nakuru, ni kama kilomita 70, mkifika Nakuru mnapata gari ya Kakamega inajaza hapo na mama anachagua kiti cha mbele. Mtoke Naivasha kabla ya saa tatu asubuhi, ikifika mchana mtafika kwenu usiku.