Naomba ushauri: nadharia tatu za sosholojia, mfano mmoja wa mwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandaa somo la kulinganisha mitazamo mikuu ya sosholojia. Mfano ni kilimo cha mwani Paje, Zanzibar, ambako wakulima wengi ni wanawake.

Uamilifu wa Durkheim, yaani kuitazama kila sehemu ya jamii kwa kazi inayoifanya ili yote isimame, unaeleza vizuri mgawanyo wa kazi: mke mwani, mume uvuvi, nyumba inasimama. Lakini bei unainyamazia. Mtazamo wa mgogoro, wa Marx, ndio unaoishika: mnunuzi akitoa kamba za kufungia mwani kwa sharti la kuuziwa yeye tu, mkulima hana pa kupandisha bei. Wa tatu, wenye tabu, ni mtazamo wa maingiliano ya kialama, jina alilolitoa mwanasosholojia Blumer mwaka 1937. Huo unatazama watu wawili kwenye mizani: nani anasoma kilo, na neno "haujakauka" linavyotosha kupunguza uzito wa gunia.

Nimejaribu jedwali lenye swali moja, "nani anafaidika?" Limepinda, maana swali lenyewe ni la Marx. Nikaweka "nini kinaiendeleza kazi hii?" likamwegemea Durkheim.

Jee, swali gani halipendelei upande wowote? Au kila mtazamo upewe swali lake, kisha tulinganishe kila mmoja unachokiacha?