Nimepata F ya Econ HGE, mzee anataka nihamie HKL, naombeni ushauri

BintiKirumba: Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko fomu faivu HGE, yaani Historia, Jiografia na Econ (uchumi), shule ya bweni, saizi likizo niko home Mwanza. Matokeo ya kufunga muhula: Historia 64, Jiografia 55, Econ 28, BAM (zile hesabu za ziada) 31. Hiyo 28 imenimaliza maana olevo Econ hatukuwa nayo, nimekutana nayo huku na mwalimu anaenda mbio, anachora grafu anafuta kabla sijamaliza kunakili, ukinyoosha mkono unaambiwa kasome pamfleti. Mzee anasema nihamie HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwasababu Kiswahili nilikuwa na B, hesabu eti sio za ukoo wetu. Mimi tangu darasa la saba nataka kusoma uchumi chuo. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, hajasema kitu ila namuona anavyonyamaza. Nihame au nikomae? Nimelia siku mbili jamani.

Mzawa wa Igoma: Pole sana mdogo wangu. Mimi nakwambia hama mapema. Niling'ang'ania EGM (Econ, Jiografia na Hesabu) wakati naona kabisa maji yamezidi unga, nikaja kushtuka fomu siksi na muda umeisha. Ila kwanza ulizia kama hapo shuleni kwenu HKL ipo, maana kama haipo ni kuhama shule kabisa na hizo barua za uhamisho zina mzunguko.

Mwl_Ziwani: Mwanangu marahaba. Usihame kwa mtihani mmoja. Piga hesabu ndogo: C ya Historia ni pointi 3, D ya Jiografia ni 4, F ya Econ ni 7, jumla 14, hiyo divisheni 3. Econ ikipanda ikawa E tu, yaani 40, unapata 5, jumla inakuwa 12 na hiyo tayari ni divisheni 2. Kutoka 28 hadi 40 ni maksi 12, sio mlima Kilimanjaro. Nataka kujua kitu kimoja, karatasi yako unayo? Maksi zimekatwa wapi?

BintiKirumba: Ninayo mwalimu. Swali la dimandi (wanunuzi wanataka kiasi gani) na saplai (wauzaji wanaleta kiasi gani) nimepata 4 kwa 20. Sheria niliandika yote kama ilivyo kwenye pamfleti ila kwenye grafu nilisogeza mstari wa dimandi wakati walitaka wa saplai, na maelezo yote ya chini yakafuata huo mstari mbovu.

Mwl_Ziwani: Basi tatizo lako nimeliona, unakariri. Na mama yako yuko Mwaloni! Sikiliza. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, taa ndio inawavuta. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, mitumbwi inapaki, mzigo unapungua, bei inapanda. Sasa jiulize, walaji wamebadilika? Hapana, ni walewale na wanataka dagaa walewale, kilichopungua ni mzigo. Kwahiyo mstari unaohama ni wa saplai, unaenda kushoto. Dimandi unaigusa pale mabadiliko yapo kwa mnunuzi, mfano wameingia wateja wa Kongo wanataka mzigo mwingi kuliko kawaida, hapo dimandi inaenda kulia na bei inapanda vilevile. Bei imepanda kwenye mifano yote miwili ila kwa sababu mbili tofauti, ndio maana ukikariri "bei imepanda" unachora mstari wowote tu. Kila swali anza na hilo, nani kabadilika, muuzaji au mnunuzi?

Dada wa Nyegezi: Naongezea kuhusu BAM, haiingii kwenye pointi za divisheni ndio maana wengi wanaitupa, halafu wakija kuomba kozi za uchumi na biashara wanakuta inaangaliwa. Shika statistiki, matrisi na linia programu kwanza, hizo zinafanyika hata kama hesabu olevo zilikukataa. Na Historia yako nzuri usiiache, tumia vya kwetu: swali la harakati za uhuru weka ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani na Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika wa 1955, wengi wanajaza majina ya mbali na ya hapa hapa hawayajui. Jiografia hivyo hivyo, sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na furu, wale samaki wadogo wa asili, wakapukutika, huo ni mfano unaouona mezani.

Mzawa wa Igoma: Mwalimu amenishinda kwa kweli. Dada jaribu hadi mtihani wa kumaliza fomu faivu, ukiona bado ndio uongee na mzee.

BintiKirumba: Nimerudi. Leo asubuhi nimeenda na mama Mwaloni, nikamuuliza ndoo ilikuwa shilingi ngapi wakati wa giza na sasa mwezi umekomaa ni ngapi, akanitajia za miezi mitatu yote kichwani bila kuangalia popote. Nikachora nyuma ya daftari lake la madeni, saplai ikaenda kushoto. Akauliza huo mstari ni nini, nikamweleza, akasema mbona hilo nalijua siku zote. Kaniambia jioni mzee akirudi tutaongea naye wote wawili. Kesho naanza na BAM, maktaba ya mkoa. Wabheja sana.