Hivi Highborne waliishaje?

Mdau wa Kirumba: Wakuu nacheza gemu la World of Warcraft, leo nimeingia magofu ya Dire Maul nimekuta wale Highborne, maelfi wachawi, wamechoka mbaya, si ndo walikua vigogo enzi za malkia Azshara??

Jibu: Kiburi tu mkuu. Walichezea Well of Eternity, kisima cha nguvu za uchawi, mpaka Burning Legion, jeshi la mapepo, ikaingia, kisima kikaporomoka nguvu kwisha. Wa Dire Maul wakamfunga pepo Immol'thar wawe wanamnyonya nguvu, ilipopungua mwana mfalme wao Tortheldrin akaanza kuua wenzake wagawane wachache

Jibu: kama sisi na sangara, mitumbwi kibao samaki hamna 😂 ila hatujauana bado

Jibu: Hawajaisha bana. Wengine walifukuzwa wakajenga ufalme wa Quel'Thalas, na hao wa Dire Maul toka toleo la gemu la Cataclysm la 2010 wamerudi kwa ndugu zao Night Elf